Kura ya Utani

Tangu Serikali ilipochoka kununua karatasi na masanduku, taifa lilipiga kura kwa mdomo. Kila nyumba ilikuwa na kisikilizi ukutani, na siku ya uchaguzi mgombea wa kwanza uliyesema unampa kura ndiye aliyeipata. Gharama zilipungua sana. Malalamiko nayo yalipungua, maana yalisikilizwa na kisikilizi hicho hicho.

Siku hiyo Edelina Komba, Mngoni wa Songea, alikuwa akisonga ugali. Mtani wake wa Kihehe, Mzee Nyenza, akaingia bila hodi.

"Ficheni sufuria, Mhehe kaingia," alisema Edelina.

"Pakua, mtumwa wangu. Na kura mpe Mkuu, mnafanana kwa njaa."

"Nampa Mkuu, tena akahamie kwenu."

"Kura ya Mkuu imepokelewa," kisikilizi kikasema kwa adabu.

Mwiko ukasimama. Mkuu, mtawala aliyekuwa akigombea tena, ndiye aliyemfunga mwana wa Edelina, na Edelina alikuwa ameisubiri siku hii amnyime kura tangu mtoto achukuliwe.

"Nilikuwa natania," alisema. "Nifutie."

"Kura hufutwa tu kama mpiga kura ameshawishiwa. Nimesikia sauti ya mgeni. Tafadhali mtaje jina."

Mzee Nyenza aliacha kucheka. Edelina alimtazama mzee, kisha akautazama ukuta.

"Hapa hakuna mgeni," akasema.

"Asante. Maafisa wako njiani kuhakiki jibu lako."

Edelina akampakulia mtani wake ugali. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, mzee akamwambia ahsante.