Shujaa wa Jeki

Hebu niambieni, mmewahi kumwona mkuu wa polisi akijifungia mwenyewe kwenye selo yake, mchana kweupe, akakaa sakafuni na sufuria la chakula magotini? Basi sisi watu wa San Eulogio, mji uliobanwa kati ya jangwa na mpaka, huyo ndiye tuliyekuwa naye. Na hatukuwa na mwingine.

Jina lake Baltazar Quijada, na juzi tu alikuwa shujaa. Redio ilitangaza kwamba kamanda wa mji mdogo amelisimamisha lori la magendo peke yake, bila kufyatua hata risasi moja. Hilo la risasi lilikuwa kweli, maana hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni gari la polisi lenye pancha, na gurudumu la akiba lisilo na jeki. Lori la vitunguu likatokea, yeye akapunga kofia. Waliokuwemo wakaruka, wakatimkia kwenye miiba, naye nyuma yao anahema na kupiga kelele: "Jeki, jamani! Nataka jeki tu!"

Chini ya vitunguu kulikuwa na dawa za kulevya za kutosha kulevya miji kumi kama wetu. Wanajeshi walikuja kuzichukua, wakampiga Baltazar picha, wakamwambia abane tumbo.

Shida ni kwamba mzigo ule wakubwa wa magendo walikuwa wamemkabidhi Isauro, mwana wa Doña Crescencia, na Isauro hakuwa na mazoea ya kusamehe. Kamanda wa mwisho aliyemuudhi alizikwa jeneza likiwa limefungwa, mjane wake asiruhusiwe kutazama.

"Kimbia basi, mume wangu," mkewe Otilia alimwambia.

"Na gari gani? Pancha bado ipo."

Asubuhi ya siku aliyojifungia, Doña Crescencia aliingia kituoni amejitanda shali nyeusi, mkononi sufuria la tamale, zile za unga wa mahindi, nyama ya nguruwe na pilipili nyekundu, zimefungwa kwenye maganda ya mahindi, bado zinafuka moshi. Gumaro, shemeji yake Baltazar na ndiye jeshi lote la polisi lililobaki, akajisogeza.

"Usiku mnalala wangapi hapa?" mama akauliza.

"Wengi," Baltazar akadanganya.

"Hakuna anayelala, Doña," Gumaro akasema mdomo umejaa. "Labda mbwa."

Mama akaenda hadi kwenye selo, akaugonga mlango kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikitimaji. "Chuma hiki, risasi inapita?"

"Bado hakijajaribiwa, mama."

"Na dirisha lile la nyuma? Mtu mzima anapenya?"

"Mimi siwezi," akasema Gumaro.

"Wewe hata mlangoni unapita kwa ubavu," mama akamjibu.

Kisha akainama, akalipima benchi la selo kwa shubiri, polepole, kutoka mwisho hadi mwisho. "Fupi," akasema.

"Mimi linanitosha," Baltazar akajibu, bila kujua kwa nini amejibu.

Mama akamtazama kuanzia utosini hadi viatuni. "Wewe, ndiyo."

Baltazar akaelewa. Huyu alikuwa anapima jeneza.

"Kesho nitaleta tamale nyingine," mama akasema.

Kesho! Nani asiyejua kwamba kwetu mkesha wa maiti hauendi bila tamale?

Mlangoni mama akasimama, anausokota upindo wa shali. "Isauro atakuja mchana, watu wakijilaza. Usiende popote, kamanda."

"Anataka nini?"

"Atakwambia mwenyewe. Mimi mdomo wangu hauwezi." Machozi yakamlenga, akaondoka.

Hapo Gumaro akakumbuka kwamba ng'ombe wake anazaa.

"Shemeji, wewe huna ng'ombe."

"Ndiyo maana nawahi," akasema Gumaro, na kofia aliivalia barabarani.

Mji mzima tukafunga milango. Ushujaa wetu ulikuwa wa kuchungulia kwenye nyufa. Baltazar naye akaingia kwenye selo, kwa kuwa ndio mlango pekee pale kituoni wenye kufuli zima, akajifungia, akafunua sufuria. Kama zina sumu, alijiambia, afadhali nife nimeshiba. Ya kwanza ilikuwa tamu mno. Akala ya pili.

Ndipo akasikia buti.

Isauro aliinama kupita chini ya kizingiti, jinsi alivyokuwa mrefu. Kwapani alikuwa na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye blanketi, namna bunduki zinavyofichwa.

"Kamanda."

"Hayupo," akasema Baltazar.

"Umejifungia?"

"Nafanya usafi."

Isauro akashika nondo za kidirisha cha mlango wa selo kwa mikono miwili, akazitikisa kwa nguvu zake zote. Hazikucheza. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeridhika.

"Isauro, mwanangu!" Baltazar akapiga magoti, tamale mkononi. "Naapa kwa Bikira, nilitaka jeki tu!"

"Najua. Vijana wangu walikusikia. Nikawaeleza wakubwa." Akatupa jicho mlangoni. "Walicheka, kamanda. Kisha wakaacha kucheka."

Kwa mbali, kwenye barabara ya mpakani, kukasikika ngurumo za magari, mengi, yakija kwa pamoja.

Isauro akaliacha blanketi lianguke. Likafunguka: mto uliotariziwa maua, kipande cha sabuni, soksi za sufu. Mtu huyu aliyeunyamazisha mji mzima akasogea karibu. Kisha akapenyeza mikono yote miwili katikati ya nondo, viganja vimegusana.

"Kamanda, nakuomba," akasema. "Nikamate."