Pigo Moja la Matoazi

Zdenka alikuwa na pigo moja tu katika muziki wote ule, na tayari hesabu ya kulingojea ilikuwa imempotea.

Alisimama nyuma kabisa ya okestra, matoazi mawili ya shaba mikononi, jasho likimtiririka mgongoni. Ngoma ile ya wakulima wa Moravia, ambayo mtunzi aliipanga upya kwa fidla na tarumbeta, haitulii: mara inakwenda kwa mapigo mawili, mara kwa matatu. Kwenye mazoezi alipiga mapema mara nne. Mwongozaji, Bwana Kubišta, akamwambia mbele ya wote, "Bi Zdenka, ukikosea tena siku ya onyesho, usirudi." Na onyesho lenyewe ndilo hili.

Arobaini na moja, arobaini na mbili... au ilikuwa hamsini? Akatazama karatasi, noti zikamchezacheza machoni.

Hapo mguu wake wa kushoto ukasogea wenyewe. Ulikanyaga mara mbili, ukazunguka, ukakanyaga mara tatu, vile vile mama yake alivyomfundisha jikoni kwao, wakicheza pekupeku juu ya mbao. Mama hakujua kusoma hata noti moja. "Usihesabu, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Wewe kanyaga."

Zdenka akafumba macho, akakanyaga, mpaka mguu ukamwambia: sasa!

Akayainua matoazi. Alipofumbua macho, Bwana Kubišta alikuwa amemkodolea, mkono wake wa kushoto umenyooka juu, na Zdenka hakuweza kujua kama ni wa kumwita au wa kumzuia.

Matoazi yalikuwa yamekwisha kuanza kukimbiliana.