Mwenye Guu Zito

“Wanafunzi wangu wapendwa,” alitangaza Mwalimu, amepanda juu ya kreti la soda ili hata historia imwone vizuri, “kuanzia leo gari la shule hii halitakunywa mafuta. Litaonja!”

Kreti likavunjika.

Hivyo ndivyo kilivyozinduliwa kigari kipya cha shule ya udereva, kidogo kama kabati la viatu, chenye breki ya pili miguuni pa mwalimu kwa ajili ya siku ya hatari. Kilinunuliwa kwa ushauri wake. Alimwapia Bosi, mama mwenye shule, kwamba kwa injini ile ndogo na mafunzo yake, kituo cha mafuta kingewasahau sura. Mafunzo yenyewe aliyajua kila mtu, mpaka muuza magazeti wa getini: kanyaga mafuta kama umekanyaga yai, tazama mbali, achia mapema, breki ni aibu.

Kituo cha mafuta hakikuwasahau sura.

“Mwalimu, umerudi!” mhudumu wa pampu alipaza sauti ili wenzake wasikose uhondo. “Kimeonja tena?”

Mwalimu alijifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Alikitafuta mpaka tangi likajaa.

Breki nazo zikaisha kabla ya wakati. Fundi alizibadilisha huku akipiga mluzi, na mluzi ule ulimuuma Mwalimu kuliko matusi. Kisha Bosi akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mambo yakiendelea hivi kigari kitauzwa, gari kuukuu walilotumia awali litarudi, na Mwalimu atatafuta pengine pa kufundishia yai lake.

Ilibidi apatikane mkosaji. Mwalimu alimpata bila kutoka jasho: binti aliyemaliza shule ya bweni juzijuzi, mwenye ulimi usio na likizo, aliyefanya mazoezi mengi kuliko wenzake wote.

“Una guu zito, binti,” alimwambia wakiwa barabarani. “Unanusa hiyo harufu ya kuungua? Huo ndio uzembe.”

“Mimi nilidhani ni soksi, Mwalimu. Lakini gari lenyewe ndilo zito. Kama tunavuta mkokoteni.”

“Kona hiyo! Polepole! Polepole, mwanangu!”

“Mwalimu, tumepitwa na mtu anayesukuma baiskeli.”

Waliporudi, Mwalimu alishuka akichechemea. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, kama kila siku baada ya somo. Alilaumu viatu.

Siku ya mapumziko akawaita wote uani: Bosi, wanafunzi, hata mhudumu wa pampu alikuja na soda yake, kama mtu aliyekata tiketi. Safari hii Mwalimu alisimama chini.

“Breki itapakwa chaki,” alisema. “Tutazunguka mtaa wa maghala, ambao leo ni mweupe, hakuna gari hata moja. Mwenye mguu mwema hatakuwa na sababu ya kukanyaga. Tukirudi, soli itasema. Atakayekutwa na chaki aache funguo, aende zake, asionekane hapa tena.”

“Hata akiwa nani?” aliuliza binti.

“Hata akiwa mama yangu mzazi!”

“Basi nipe chaki nipake mwenyewe, nisije nikasema nimeonewa.”

Alipiga magoti ndani ya gari, akakawia, akatoka ana chaki hadi kwenye nyusi.

“Dada, umepaka breki au umepiga lipu?” aliuliza mhudumu wa pampu.

Wakaondoka. Bosi akawafuata nyuma kwa pikipiki.

Mwalimu alishika mkono wa mlango kwa vidole vyote. Alitaka sana kumwona binti akikosea, akajionea haya kwa kutaka hivyo, akaendelea kutaka. Lakini binti aliendesha kama alivyofundishwa. Alitazama mbali. Aliachia mapema. “Polepole,” Mwalimu alinong’ona kwenye kila kona, kama mtu anayeomba dua. Walipofika kwenye kimwinuko cha getini gari likaishiwa nguvu lenyewe, na binti akalisimamisha kwa breki ya mkono.

Bosi alivua kofia yake. “Taa za breki zimewaka njia nzima,” alisema. “Hazikuzimika hata mara moja.”

“Mmesikia? Njia nzima!” Tangu kreti livunjike, Mwalimu hakuwahi kujiona mrefu namna ile. “Inua kiatu, binti. Wote waone.”

Binti akainua cha kulia. Soli ilikuwa nyeusi. Akainua na cha kushoto. Nyeusi vilevile, na kipande cha bablishi iliyotafunwa.

“Labda chaki imepeperuka,” alisema Mwalimu.

Bosi hakuwa akimtazama binti tena. “Na wewe, Mwalimu. Inua.”

Mwalimu akacheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Akainua mguu wa kushoto: safi. Wa kulia ulikuwa bado na ganzi, ikabidi aunyanyue kwa mikono miwili, kama mzigo wa mtu mwingine. Soli yake ilikuwa nyeupe pe, na katikati mistari ya pedali ya ile breki ya pili imejichapa kama muhuri.

Hakuna aliyecheka, hata mhudumu wa pampu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Aliushusha mguu taratibu, akachomoa funguo za gari, akaziweka juu ya boneti.

“Sikujua kama naikanyaga,” alisema, macho chini. “Lakini kwamba ninaogopa kuendeshwa, Bosi, hilo nimelijua tangu siku yangu ya kwanza kazini.”