Sukari Isiyo ya Chai

Bahari ilipopata joto mwaka ule, sifongo zote, viumbe laini wa baharini, alizokuwa akifuga Bi Mize zilikufa, ikabaki moja tu. Hata hivyo, Daktari Saumu wa maabara ya mjini alipomwomba kipande cha hiyo moja, Bi Mize alizamia, akakikata mwenyewe, akampa.

Baada ya miezi minne aliitwa maabara. Saumu alimwonyesha kisahani cha kioo chenye ute mzito, mweupe.

"Huu umetoka kwenye sifongo yangu?"

"Umetoka kwa bakteria wanaoishi ndani yake, Bi Mize. Hawaonekani kwa macho, lakini wanatengeneza sukari; ndiyo ute huu."

"Ya kutia kwenye chai?"

Saumu akacheka. "Haina utamu hata kidogo. Ila inashika maji ajabu. Tunaijaribu kufunikia vidonda vya moto, visikauke."

Bi Mize alikiinamia kisahani. Miaka tisa aliziuza sifongo zake kwa watu wa kusugua migongo. "Kumbe nilikuwa nafuga kijiji kizima," alisema taratibu, "na hakuna siku niliyowapigia hodi."

"Ile uliyoiacha bado ni hai?"

"Hai. Pale nilipoikata pameanza kuziba."

Saumu alishusha pumzi, kisha akampa kijiti. Bi Mize alikichovya kwenye ute, akakiinua polepole. Uzi mwembamba ukavutika, ukafika kifuani pake, ukapita macho. Akanyoosha mkono juu, akasimama kwa ncha za vidole, na uzi ulikuwa bado haujakatika.