Watu Wanne Tu

Enzi hizo kesi ziliamuliwa na kisanduku chenye akili bandia, ukutani mwa kila nyumba, kabla chai haijachemka, na mawakili waliishia kuuza mitumba. Ndiyo maana mashangazi watatu walimcheka Mwanahawa sebuleni kwa Bibi alipowaonyesha kwenye simu barua ya chuo cha sheria, iliyotaka jibu siku ileile.

“Utamtetea nani, mwanangu? Friji?” aliuliza Shangazi Tausi, mdomo umejaa mandazi.

Kisanduku kikalia. Jirani ameshtaki kelele, na hukumu imeshatoka: kuanzia sasa, nyumba ya Bibi isizidi watu wanne.

Bibi akaukodolea macho ukuta. “Jamani, hata kuniuliza? Sasa nikamwambie nani?”

Vicheko vikakatika. Mwanahawa akaifungua tena barua ya chuo, akabonyeza “Nakubali.”

“Hongera, wakili,” kisanduku kikasema kwa upole. “Lakini bado mko watano.”