Jina Moja Mara Tatu

Ma Tae-gon hakuwa na dirisha, hakuwa na cheo, hakuwa na akiba, na tangu Alhamisi hakuwa na usingizi. Siku hiyo alifuta kwa bahati mbaya oda mia tatu za majokofu ya kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa. Hakumwambia mtu. Aliyeona ni mmoja tu: Seo, jirani yake wa meza.

Sasa meneja, Bi Pyo, alitaka Tae-gon amalize kuutengeneza ukurasa wa makosa kwenye kompyuta kabla ya saa kumi. Kila kosa lilihitaji majina matatu: mkosaji, shahidi na aliyeripoti, yote kutoka jedwali moja la wafanyakazi.

“Lile la Alhamisi limeripotiwa,” alisema. “Mkurugenzi atalisoma humo. Mkosaji anaondoka leo leo.”

Limeripotiwa! Tae-gon alimtupia Seo jicho la pembeni. Ndala za Seo za ofisini hazikuwepo chini ya meza. Droo yake ilikuwa tupu. Bila shaka alikuwa anahamia ghorofa ya juu, zawadi ya mdomo wake.

“Mdogo wangu, kula kimbap,” Seo alisema, akimsogezea vipande vya wali uliovingirishwa kwa mwani. “Mkeo ana mimba ya miezi minane. Ukikonda atasema nakuibia chakula.”

“Nimeshiba, kaka.”

“Umeshiba nini, hewa?”

Mnafiki, aliwaza Tae-gon. Chini ya kibodi alikuwa na barua tayari: kosa ni la Seo. Akitajwa yeye, naye atamtaja Seo.

Akafungua ukurasa. Alhamisi: Seo, Seo, Seo.

Nusura acheke. Kosa la mwanagenzi! Katika programu ya ukurasa alikuwa ameliita jedwali la wafanyakazi mara tatu bila kuupa kila mwito jina la kuutofautisha, ndiyo maana mtu mmoja akajaza nafasi zote. Alirekebisha, akajaribu kosa la Jumatano. Watu watatu tofauti. Safi. Sasa msaliti hana pa kujificha.

Akafungua tena Alhamisi.

Mkosaji: Seo Dong-hwi.
Shahidi: Seo Dong-hwi.
Aliyeripoti: Seo Dong-hwi.

Pembeni, Seo alikuwa akiifuta meza yake kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Tae-gon aliichana barua ile, akaandika nyingine ya mistari mitatu, jina moja mara tatu: lake mwenyewe. Akagonga muhuri wake mwekundu wa jina, akaitia kwenye bahasha, akaituma kwa mkurugenzi.