Mlio wa Sahani ya Bati

Tang. Risasi iliangukia sahani ya bati gizani. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na Tausi, aliyekuwa akipapasa kiberiti, akashusha pumzi. Mumewe amekwisha kuitoa risasi ya mwisho bundukini.

Mbwana alimlinda mkubwa mmoja aliyemkataza kuachana na silaha hata nyumbani. Ilikuwa bunduki fupi ya kufichika chini ya koti, kitako chake kikikunjwa ubavuni.

"Imetengenezewa vyumba vidogo," alimwambia mkewe siku ya kwanza.

"Ndiyo hivi vyetu, baba Chiku. Kairudishe."

"Nikiirudisha, na kazi imekwenda."

Basi kila jioni alichomoa kwanza magazini, kile kisanduku cha risasi, ndipo akakoki kwa kuvuta komeo nyuma, risasi iliyobaki ndani irukie sahanini. Chiku, wa miaka mitano, alikwisha kuyakariri maneno ya baba yake: ukikoki kabla ya kuchomoa, moja inatoka na nyingine inapanda mahali pake.

Kiberiti kikawaka. Mbwana, siku mbili hajalala, alikuwa amepitiwa na usingizi na viatu vyake miguuni. Magazini ilikuwa pembeni, bunduki kifuani, kidole chake kimenasa kwenye kifyatulio, na mdomo wa bunduki umeelekea mkekani alipoketi Chiku.

"Maskini, baba wa watu," Tausi akanong'ona. Kwa kuwa sahani ilikwisha kulia, kwa mara ya kwanza akathubutu kuishika bunduki, akaanza kuivuta taratibu kutoka mkononi mwa mumewe.

"Mama," Chiku akasema, "leo baba amekoki kwanza."